Msumari wa Kumi na Saba

Kabla chai haijachemka nashuka na nyundo.
Jiwe la Masasi, mwezi wa saba, lina baridi
ambayo viganja huijua kabla ya macho.
Nagonga wa sitini na mbili: nga.
Wa sitini na moja: nga.
Chuma kilichoshika hakina maneno mengi.
Ukikisikia kinajieleza, kimeshalegea.

Sitini na miwili, toka mguu wa jabali la Nakopi
hadi mlangoni pa kibanda changu cha bati,
na waya umepita kando
kama kamba ya kuanikia nguo za majitu.

Misumari hii ni ya reli.
Ile ya karanga, iliyotandikwa kabla karanga hazijakubali kuota,
ikang'olewa kabla sisi hatujazaliwa kuipanda.
Babu Chinguile aliokota gunia zima
akalisukumia uvunguni.
Bibi alipouliza ya nini, alijibiwa:
"Chuma hakiombi chakula."
Kaka yangu Mkwepu ndiye aliyeipa kazi.
Aliikunja motoni, akalitoboa jiwe kiangazi kizima
akining'inia kwa kamba ya katani,
pimbi wakimkodolea macho
kama mafundi waliokosa tenda.

Wageni huja ukungu ukishainuka.
Nawafunga mshipi wenye kulabu mbili, nasema neno moja:
moja ihame, moja ibaki.
Usizitoe zote kwa pamoja, hata ukiwa na haraka,
hata ukipigiwa simu,
hata ukiwa na digrii.

Jumamosi alikuja Mwalimu Nandonde wa Nachingwea,
mtu wa hesabu, viatu vipya,
akipanda kwa sauti: kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba
akanyamaza.
Hapo jiwe linatoa kitambi,
na chini, katikati ya nyayo zako,
unawaona watu wakipulizia mikorosho salfa,
wadogo, vumbi la manjano limelala shambani.

"Mama, siwezi."
"Kupanda au kushuka?"
"Vyote."

Nikateremka mpaka juu ya kichwa chake
nikamwuliza bei ya korosho msimu uliopita.
Akataja.
Nikabisha.
Naye akabisha, kwa tarakimu:
makato ya chama, gunia, usafiri, unyevu,
na hasira ilipomfika mkononi, mkono ukaachia mwamba,
ukahamisha kulabu,
mguu ukafuata.
Tulibishana hadi arobaini na mmoja.
Ndipo alipotazama chini, akacheka
mpaka kofia ikamtoka.
Ipo hadi leo kichakani. Pimbi wameigeuza choo.

Usiku nilimpa ming'oko ya kuchemsha, chumvi na pilipili.
Wasichana wawili wa Mahuta walishalala, soksi zao juu ya jiko.
Upepo ulilipapasa bati kama mtu anayetafuta funguo.
Akasema baba yake alibeba mataruma ya reli ile,
bega la kushoto likashuka,
halikupanda tena,
na behewa hakuwahi kuliingia.
Akanyamaza, akamenya mng'oko polepole mno.
"Ule nilionasa ulikuwa wa ngapi?"
"Si ulikuwa unahesabu wewe?"
"Nilisahau kuhesabu."
"Kumi na saba."
"Kesho nitausalimu."

Alfajiri tukashuka pamoja, nga, nga,
yeye akijifunza kusikiliza.
Tulipofika nikampa nyundo.
Akagonga kwa adabu, kama anabisha hodi kwa wakwe.
Nga.
Halafu, nyuma ya sauti, sauti nyingine ndogo:
nge.

Tukatazamana.
Tukapanda tena, kimya, moja ihame, moja ibaki.
Nikafunga njia. Wasichana wa Mahuta wakanuna.
Nikawateremsha wote kwa njia ya mbuzi,
mwalimu wa mwisho, akigeuka geuka,
nami nikasimama penye mtandao, kwenye lile jiwe la pembeni,
nikampigia kaka:
Mkwepu, njoo na moto.
Wa kumi na saba umeanza kujieleza.